Je, picha za setilaiti zinaweza kutuonyesha mahame ya kale yaliyozungushiwa mahandaki huku Siaya?

Mwalimu wa Yala aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni mwalimu wa jiografia na historia katika shule ya sekondari upande wa Gem, Kaunti ya Siaya, na pamoja na wanafunzi kumi na wanne tumeanzisha chama cha kukusanya historia ya mahali petu kabla haijatuponyoka. Katika eneo hili yapo mahame ambayo kwa Kijaluo huitwa gunda bur, yaani boma lililohamwa ambalo zamani lilizungushiwa handaki na tuta la udongo kwa ajili ya ulinzi. Wenzetu wa Migori wana kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, ambazo mwaka 2018 ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kuta hizo zinajulikana na zina walinzi. Haya yetu ya udongo husawazishwa kidogo kidogo kila msimu jembe linapopita, na mwenye shamba mara nyingi hana habari kwamba anafukia kitu.

Mwezi uliopita, tukiwa katika chumba cha kompyuta, tulifungua Google Earth na kuanza kupekua miteremko ya karibu na shule. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akaona duara juu ya kijito. Tulilipima kwa kifaa cha programu hiyo tukapata kipenyo cha takriban mita 90. Nusu ya juu ya duara ilionekana kama mshipi wa kijani kilichokolea, ilhali nusu ya chini ilikuwa hafifu sana, na katikati yake umepita ua ulionyooka pamoja na njia ya miguu. Tuliporudisha miaka nyuma ili kutazama picha nyingine za mahali hapo hapo, duara lilitoweka kabisa katika baadhi yake, kisha likajitokeza tena katika picha moja ya zamani. Jambo hilo lilitushangaza, na nakiri kwamba sikuweza kuwaeleza wanafunzi sababu yake.

Naomba msaada katika mambo matatu. Kwanza, je, picha zinazopatikana bure zinatosha kwa kazi hii, au tunajidanganya? Pili, nitatambuaje kwamba duara ni la karne zilizopita na si boma la mtu aliyehama juzi, maana maboma ya kijadi ya huku nayo ni ya mviringo? Tatu, wanafunzi wameuliza kama setilaiti huona kilichomo chini ya ardhi, na sikutaka kuwajibu kwa kubahatisha.

Mpimaji wa Nakuru alijibu:

Mwalimu, nakupongeza kwa dhati, na zaidi nampongeza mwanafunzi huyo, kwa sababu jicho linalotambua mviringo katikati ya mashamba ya mstatili ndicho chombo cha kwanza cha kazi hii. Mimi ni mpima ardhi, si mwanaakiolojia, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatilia mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, katika Bonde la Ufa na nyanda za juu za magharibi, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa vipimo.

Anza na ukubwa wa pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutoa bure picha ambazo kila pikseli hufunika mita 10 kwa 10 za ardhi, na zikiwa mbili hurudi mahali pale pale kila baada ya siku 5. Landsat ya Marekani ina hazina ndefu zaidi, iliyoanza mwaka 1972, ila picha zake za kawaida ni za mita 30. Duara lenu la mita 90 basi ni pikseli 9 kwa Sentinel na pikseli 3 tu kwa Landsat, na handaki lenyewe, ambalo pengine halizidi upana wa mita 3 au 4, haliwezi kupata hata pikseli moja ya peke yake. Litaonekana tu ikiwa limebadilisha mimea iliyo juu yake kiasi cha kuigeuza rangi pikseli nzima.

Hapa kwetu nilijifunza jambo hili kwa uchungu. Mashimo ya Wasirikwa ni mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa ndani ya mteremko, mlango ukielekea upande wa chini, na samadi iliyozolewa ikitupwa nje karibu na mlango hadi ikawa kilima kidogo. Yapo pale Hyrax Hill, kilima kilicho kando ya mji wa Nakuru ambako Mary Leakey alianza kuchimbua mwaka 1937. Mengi yana kipenyo cha mita 10 hadi 15. Nilitumia siku nyingi nikiyatafuta kwa Sentinel huku nikijua kabisa yalipo, nisione kitu, kwa sababu shimo zima ni pikseli moja iliyochanganyika na majani ya jirani. Kwenye picha za Google Earth zenye ukali wa karibu nusu mita yalijitokeza mara moja. Kwa hiyo tumieni picha kali kutazamia kwa macho, na Sentinel kufuatilia ukijani unavyobadilika kutoka wiki hadi wiki.

Sasa nieleze kwa nini duara lenu hutoweka. Udongo uliojaza handaki la kale kwa kawaida ni mwingi na laini kuliko wa pembeni, nao hushika maji kwa muda mrefu. Mvua inaponyesha kila kitu ni kijani, kwa hiyo hakuna tofauti. Kiangazi kikikolea, kila kitu kimekauka, tofauti imekwisha tena. Zipo wiki chache tu katikati, mvua ikiisha na nyasi za pembeni zikianza kufifia, ambapo mshipi ule hubaki kijani peke yake. Kwa upande wenu ningetazama picha za Juni, kisha za mwishoni mwa Desemba na Januari. Januari na Februari zina faida nyingine, kwamba mashamba mengi yamelimwa na hayajapandwa, kwa hiyo rangi ya udongo wenyewe huonekana. Kuna kipimo rahisi cha ukijani ambacho programu ya bure ya QGIS hukokotoa. Mmea wenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Ukitoa thamani ya mwekundu kutoka kwa ile ya infraredi, kisha ukagawanya kwa jumla ya hizo mbili, unapata namba inayokaribia 1 palipo na mimea minene na kushuka kuelekea 0 penye udongo mtupu. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kuifanya hesabu hiyo kwa mkono kwa pikseli kumi, na nashauri waifanye.

Msitegemee vivuli, ingawa vitabu vya Ulaya huvisifu sana. Setilaiti nyingi za picha hupita kwetu karibu saa tano asubuhi, na sisi tuko ikweta, jua likiwa limeshapanda. Ukuta wa mita 2 wakati huo hutoa kivuli cha takriban mita 1 tu. Saa mbili asubuhi kivuli cha ukuta huo huo hukaribia mita 5, na ndiyo maana mtu aliyesimama juu ya kilima asubuhi na mapema huona tuta ambalo setilaiti haikuliona.

Jambo ambalo ningependa mlishike kuliko mengine ni kwamba tarehe ya picha ina thamani kuliko ukali wake. Mashamba yetu yamegawanywa, yamelimwa na kujengwa mno katika miaka hamsini iliyopita, na picha isiyo kali ya mwaka 1965 inaweza kukuonyesha handaki zima ambalo leo limebaki kipande. Kati ya mwaka 1960 na 1972 Marekani ilirusha setilaiti za kijasusi za Corona, zilizopiga picha kwa filamu halisi na kuidondosha ndani ya vibweta vilivyodakwa angani na ndege. Picha hizo zilifunguliwa kwa umma mwaka 1995, na zilizo bora hufikia ukali wa takriban mita 2. Hazikufunika Afrika kwa usawa na nyingine zimejaa mawingu, kwa hiyo ingieni katika hifadhi ya mtandaoni ya Shirika la Jiolojia la Marekani, mchore mipaka ya Gem na kuona kilichopo. Halafu zipo picha za ndege, ambazo baada ya Vita Vikuu vya Pili zilipigwa na jeshi la anga la Uingereza juu ya sehemu kubwa za Afrika Mashariki, na nyingine zilizopigwa baadaye kwa kazi ya kugawa ardhi. Ulizeni idara ya upimaji kule Nairobi kwa barua rasmi ya shule.

Nimalizie na ule ua uliopita katikati ya duara, kwa sababu kwa mpimaji huo ni ushahidi mkubwa. Wakati wa kuamua haki za ardhi, hasa baada ya sheria ya mwaka 1968, mipaka ya mashamba ilionyeshwa kwa nyua za mimea ili ionekane kutoka angani, na ramani za faharisi zikachorwa juu ya picha za ndege. Ikiwa ua wenu ulionyooka ni mpaka wa wakati huo, na umelikata duara bila kulijali, basi waliopanda ua hawakulihesabu duara kuwa boma la mtu aliye hai. Duara ni kongwe kuliko ua. Hilo halikupi karne, lakini limekuvusha mstari mmoja muhimu.

Mchimbuaji wa Kisumu alijibu:

Nimesoma maelezo ya Ndugu Mpimaji kwa furaha, nami naongeza kutoka upande wa wale wanaopiga magoti kwenye vumbi. Nimeshiriki uchimbuaji mara kadhaa katika ukanda wa ziwa, na jambo ambalo kazi hiyo imenifunza ni kwamba picha hutupa mahali pa kwenda. Umri na maana ya mahali hupatikana kwa kwenda.

Suala la ukijani linahitaji tahadhari zaidi hapa kwetu kuliko kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu maboma ya wafugaji wa kale kule Narok ulionyesha kwamba samadi ya mazizi ya takriban miaka 3,000 iliyopita imeacha fosforasi, kalisi na virutubisho vingine kwa kiasi ambacho hadi leo mahali hapo huota nyasi nzuri na huonekana kwa setilaiti kama madoa ndani ya pori. Nilipoisoma habari hiyo nilitulia kwa muda mrefu nikifikiria wale ng'ombe. Lakini tazameni upande wa pili: kwa desturi ya Waluo, mwenye boma akifariki na wanawe wakahamia kwao, gunda lile lililobaki hulimwa mboga na tumbaku kwa sababu kila mtu anajua kwamba ardhi yake ina rutuba. Doa la kijani linathibitisha kwamba mifugo ililala hapo. Kama ililala hapo mwaka 1650 au mwaka 1975, rangi haisemi.

Kwa hiyo tafuteni vitu ambavyo boma la juzi halina. Handaki la ulinzi ni moja. Boma la kawaida lilizungushiwa minyaa, ambayo kwa Kijaluo ni ojuok, na minyaa hiyo mara nyingi hudumu kama duara la miti mirefu hata baada ya nyumba kuoza. Handaki halihitajiki kwa ua wa minyaa. Ukubwa ni jambo jingine, na mahali lilipo ni la tatu. Waliochimba handaki walichagua mahali wanapoona mbali na ambapo maji hayako mbali, na duara lenu la juu ya kijito linaingia vizuri katika sifa hiyo.

Nawapa pia kosa langu ili msilirudie. Wakati mmoja niliona katika uwanda wa Kano duara zuri mno, lenye tuta na mshipi wa kijani, nikatembea karibu nusu siku kulifikia, na udongo mweusi wa pale ukiwa umelowa hushika viatu kama ugali. Lilikuwa silanga la kunyweshea ng'ombe lililojaa tope. Laiti ningetazama kwa makini nikiwa bado mezani ningeona kwamba tuta lake lipo upande wa chini wa mteremko peke yake, kama linavyokuwa tuta la kuzuia maji, na kwamba mkondo mdogo unaingia kwa juu. Boma la ulinzi huzungushwa pande zote, na mlango wake haukai kwenye mkondo.

Mkifika mahali penyewe, msichimbe. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inataka kibali kwa uchunguzi wa aina hiyo, na hata bila sheria, shimo la jembe huharibu mpangilio wa tabaka ambao ndio unaobeba habari. Tembeeni kwa mistari iliyo sambamba, kila mwanafunzi mita 2 kutoka kwa mwenzake, na mtazame chini. Mkiona kigae cha chungu, kipigeni picha kikiwa pale pale, kalamu ikiwa kando yake kuonyesha ukubwa, andikeni namba za GPS, kisha mkiache. Vigae vyenye nakshi ya kamba iliyoviringishwa vipigeni picha kutoka pande mbili, maana nakshi na umbo la mdomo wa chungu ni mambo ambayo wataalamu hutumia kukadiria wakati. Pelekeni taarifa yenu makumbusho ya Kisumu kwa maandishi.

Ndugu Mpimaji, kwa upande wa tarehe kuliko ukali nakubaliana nawe kwa nchi kavu, ila ufukweni nataka vyote viwili. Kuzunguka Ghuba ya Winam yapo malundo ya makombe yaliyoachwa na wavuvi na wawindaji wa kale waliotumia vyungu vya aina ya Kansyore, kama yale ya Luanda na Usenge. Malundo hayo ni madogo na yapo karibu na maji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimepimwa hapo awali, na sehemu nyingi za ufuko zikazama. Picha za Sentinel za mwaka 2017 na 2020 zikiwekwa sambamba huonyesha mstari wa maji ulivyosogea, lakini ili ujue kama lundo fulani limezama au limeponea chupuchupu, mita 10 ni nyingi mno.

Binti wa Webuye aliandika:

Shikamooni nyote, na asante Mwalimu kwa kuuanzisha mjadala huu. Sisi Wabukusu tuna jambo linalofanana. Maboma yetu ya zamani nayo yalizungushiwa kuta na mahandaki, na pale Chetambe, juu ya Webuye, ndipo wazee wetu walipopambana na kikosi cha Waingereza mwaka 1895 wakiwa ndani ya ngome yao. Babu yangu alinionyesha mahali pa handaki nikiwa mtoto, na nilikuwa nikishuka ndani yake hadi kichwa changu kikafichika. Nimepatafuta kwenye picha za setilaiti. Kichaka kimefunika sehemu kubwa, nami nisingelitambua kamwe kama sikuwa nimeongozwa kwa mkono.

Nina maombi mawili. Kwanza, Mwalimu, kabla hujafungua kompyuta tena, waulize wazee majina ya mahali. Kijito, jiwe au kona ya njia ikiwa na jina linalotaja handaki, lango au boma, jina hilo ni alama ambayo hakuna chombo cha angani kinachoweza kuipokea. Pili, nawasihi msiweke hapa namba kamili za mahali. Uvumi wa hazina zilizofukiwa huenea haraka kuliko elimu, na nimeona mashimo yaliyochimbwa usiku na watu waliokuwa wakitafuta vitu ambavyo havikuwahi kuwepo. Walipoondoka, ushahidi uliokuwepo kweli ulikuwa umechanganyika na kifusi.

Ningependa pia Mpimaji atujibu lile swali la wanafunzi. Nasikia kuna rada na kuna miale ya leza inayoona chini ya msitu. Je, inaweza kutusaidia Chetambe?

Mpimaji wa Nakuru alijibu:

Marahaba, binti. Ombi lako la pili naliunga mkono kabisa, na ningemwomba Mwalimu ataje kata tu, asitaje zaidi ya hapo.

Kuhusu rada, habari zilizowafikia wanafunzi zina chanzo cha kweli. Mwaka 1981 rada iliyobebwa na chombo cha anga cha Marekani ilipita juu ya Sahara ya mashariki na kuonyesha mikondo ya mito ya kale iliyofunikwa na mchanga. Iliwezekana kwa sababu mchanga ule ni mkavu kupindukia, na mawimbi yaliyotumika yalikuwa marefu, karibu sentimita 23. Udongo wetu wa mfinyanzi una maji karibu mwaka mzima, na maji huyazuia mawimbi hayo juu juu. Rada inayopatikana bure leo, ya Sentinel-1, ina mawimbi ya sentimita 5 na nusu hivi, nayo hukomea kwenye majani ya miti. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba hupenya mawingu, kwa hiyo hufaa kufuatilia maji ya ziwa wakati wa masika. Waambie wanafunzi kwamba chini ya ardhi ya Gem setilaiti haioni. Inachoona ni jinsi mimea na udongo wa juu unavyoitikia kilicho chini, na hilo peke yake ni jambo la ajabu.

Leza ni habari tofauti. Ndege hurusha chini mamilioni ya miale, mingi hugonga majani, michache hupenya kwenye matundu na kufika ardhini, na kompyuta ikiyaondoa majani hubaki sura ya ardhi tupu. Kwa njia hiyo mabaki ya mji wa Watswana wa Kweneng, kusini mwa Johannesburg, yalichorwa upya: kuta za mawe zilijulikana kuwa zipo, lakini kichaka kilikuwa kimeficha upana wa mji hadi leza ilipoonyesha mamia ya makazi yaliyounganika. Chetambe na vichaka vya Migori vingefaa sana kwa kazi ya namna hiyo. Gharama ndiyo inayozuia, na droni ya kawaida yenye kamera haichukui nafasi yake, kwani kamera huona majani tu, tena kuirusha kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Mwenye kichaka hana budi kuingia kichakani na kamba.

Kwa shamba lililo wazi kama la Mwalimu, kamba inatosha kabisa. Vukeni handaki kwa kamba iliyonyooshwa kwa pimamaji kutoka ukingo hadi ukingo, mteremshe fimbo yenye alama za sentimita kila baada ya nusu mita, na mwandike kina. Fanyeni hivyo mahali patatu. Mkichora namba hizo kwenye karatasi ya miraba mtapata umbo la handaki, jambo ambalo hakuna picha ya bure itakayowapa.

Mwalimu wa Yala alirudi:

Nawashukuru kwa ukarimu wenu. Jumamosi iliyopita tulikwenda, kwa ruhusa ya mwenye shamba, ambaye alitembea nasi tangu mwanzo hadi mwisho na sasa ana hamu kuliko sisi.

Niseme kwanza kwamba tulikuwa tumeweka alama kwenye maduara matatu, na mawili yameanguka. La kwanza lilikuwa gunda la babu yake jirani, lililohamwa mwaka 1974, minyaa yake ikiwa bado imesimama, na mjukuu alitutajia mlango ulikuwa wapi na nyumba ya kila mke ilisimama wapi. Wanafunzi waliandika yote, kwa sababu nalo ni historia. La pili tulilifuta tukiwa bado mezani baada ya kusoma habari ya silanga: tuta upande wa chini tu, na mkondo unaingia kwa juu.

Lile la tatu, la juu ya kijito, lina handaki. Ukisimama katikati ya shamba huoni kitu. Tulifika saa moja na nusu asubuhi kama Ndugu Mpimaji alivyodokeza, na jua lilipokuwa bado chini tuliona mkunjo wa kivuli ukizunguka nusu nzima ya juu. Tulivuka kwa kamba mahali patatu. Upana ni mita 4 kasoro kidogo, na kina pale palipo zaidi ni sentimita 62, na mahali pengine sentimita 35. Nusu ya chini, ambayo kwenye picha ilikuwa hafifu, imelimwa kwa trekta kwa miaka mingi na kamba yetu haikupata hata sentimita 10.

Kisha tulikwenda kwenye ule ua. Ni wa minyaa, mashina yake mengine mazito kama paja, umenyooka kama rula na kulikata handaki bila kupinda. Mwanafunzi mmoja alilala kifudifudi kutazama chini ya mashina akatuita. Pale ua unapovuka handaki, mashina yote yamekaa chini kuliko ya pande mbili, yakifuata umbo la bonde, na mizizi yake imeshika udongo mweusi laini uliolijaza. Walipoupanda, handaki lilikuwa tayari limejaa kiasi hicho. Mwenye shamba alisema ua huo ulipandwa na baba yake wakati wa kupimiwa ardhi. Mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akaongeza kwamba alipoletwa hapo akiwa bibi arusi watu walikuwa wakiuita mteremko huo kwa jina la ukoo ambao hivi sasa hauna hata boma moja katika kata yetu.

Vigae tuliviona 11, viwili vikiwa na nakshi ya kamba. Tumevipiga picha pamoja na kalamu na kuviacha. Barua ya makumbusho imeandikwa na wanafunzi wenyewe, na ile ya idara ya upimaji imetiwa muhuri wa shule leo asubuhi. Mwenye shamba amekubali kutolima mshipi ule hadi Januari, ili tuone picha ya mwezi huo ikiwa nyasi zimeachwa.